Mteja anaingia na picha kwenye simu: je, nifunge duka?

Swali

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina duka la vitenge na vitambaa hapa Moshi, huu ni mwaka wa kumi na moja. Zamani mteja aliingia akaniuliza, 'Mama, safari hii umeleta nini?' Siku hizi anaingia simu mkononi, ananionyesha picha, anataka kilekile. Nikikikosa anaondoka. Juzi binti mmoja alipiga picha majora manne, hakununua hata yadi moja, na nina hakika amekwenda kuagiza mtandaoni. Mwanangu ananiambia nifunge fremu nihamie kwenye simu. Nimsikilize? Na je, ni mimi tu ninayeona wasichana wote sasa wanavaa kama sare, utadhani wameazima macho sehemu moja?"
Mwenye duka, Moshi

Jibu

Nzuri, mama, pole na majukumu. Nianze na swali lako la mwisho, la sare, kwa sababu nikilijibu hilo, la kufunga fremu litakuwa limeshajibika nusu.

Macho yako hayajakudanganya. Mwaka 2009 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Daniel Fleder na Kartik Hosanagar, walichapisha kazi yao kuhusu yale mapendekezo ambayo maduka ya mtandaoni huyaweka chini ya kila bidhaa: ukipenda hiki, tazama na hiki. Kwa mahesabu ya kompyuta walionyesha jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza unadhani wamekosea. Mtu mmoja mmoja anaweza kabisa kufikishwa kwenye vitu ambavyo peke yake asingevifikia, kwa hiyo uchaguzi wake unapanuka. Ila watu haohao ukiwaweka pamoja, unakuta wamezidi kufanana. Mfumo hupendekeza kwa kutazama kilichokwisha kununuliwa, na kitu ambacho hakijapata wanunuzi hakina wa kukisemea. Basi kila mtu anasogezwa kwenye kitu kipya, na kitu chenyewe ni kilekile kwa wote.

Lilete hilo Moshi. Binti wa Majengo yuko kitandani usiku anapitisha picha za mishono, na binti wa Njiro kule Arusha anafanya vivyo hivyo. Kila mmoja amekutana na gauni la mikono iliyotuna na ua kubwa la njano, na kila mmoja anaamini ameligundua mwenyewe. Wote wawili ni wakweli. Watakuja kujuana siku ya sendofu, ukumbini.

Ukiielewa mashine hiyo hutaiogopa. Mwaka 2003 wahandisi watatu wa Amazon, Greg Linden, Brent Smith na Jeremy York, waliieleza wazi njia waliyokuwa wakiitumia. Hawakuhangaika kumtafuta mtu anayefanana na wewe. Walitazama vitu: kipi na kipi huwa vinanunuliwa na mtu yuleyule. Ukishika kimoja, mashine inakuletea mwenzake. Mama, hiyo ni kazi ya Mangi. Neno hilo lilikuwa cheo cha watawala wa Uchagani, na leo ukisema "kwa Mangi" karibu popote Tanzania mtu anaelewa ni duka la mtaani. Kila Mangi anajua kwamba anayechukua unga wa ngano atauliza hamira, na anayenunua mchele jioni hataondoka bila mafuta ya kupima. Lakini Mangi anajua na sababu. Ukinunua sukari kilo kumi kwa mkupuo anakuuliza, "Kuna shughuli, au msiba?" Mashine imeona sukari kilo kumi tu, na kesho itakuonyesha sukari tena.

Wewe una miaka kumi na moja ya sababu kichwani. Unajua mama fulani anatafuta kitambaa cha kipaimara cha mwanawe, kwamba amenenepa kidogo mwaka huu na hapendi kulitaja, kwamba mume wake hapendi rangi ya zambarau. Hakuna picha iliyobeba hayo yote. Ukimwambia, "Hiki hakitakufaa, hebu jaribu hiki," umemsaidia kwa namna ambayo simu haiwezi, kwa kuwa simu haimwambii mtu kwamba hakimfai.

Kuna jambo jingine ambalo sijaliona likisemwa vya kutosha, nami linaniuma. Ladha ya mtu hujengwa sana na vile anavyovikataa. Nenda soko la mitumba la Memorial hapo Moshi siku robota jipya linafunguliwa, umtazame msichana anayejua mitumba. Anashika blauzi, anaivuta, anaiacha. Anashika nyingine, anageuza mshono wa ndani, anasugua kitambaa kwa vidole, anaiacha. Kwa asubuhi moja anakataa nguo zaidi ya mia na kubeba mbili, na zile alizozikataa zimemfundisha kuliko alizobeba: amejua polista inamtoa jasho, amejua kola pana inamzidi shingo, amejua kijani cha majani mabichi kinamkubali na cha chupa hakimkubali. Simu huifanya kazi hiyo kabla yake. Instagram ilipoanza mwaka 2010 ilipanga picha kwa mfuatano wa muda tu. Mwaka 2016 ilianza kuzipanga kwa kukadiria kitakachomvutia mtazamaji. Kile inachodhani hatakipenda kinasukumwa chini, mara nyingi hakioni kabisa, na nafasi ya kukikataa hajaipata.

Kwa haki, nisiutukuze mno wakati uliopita. Nakumbuka mabango ya mishono ukutani kwa mafundi, mitindo michache iliyofifia kwa jua, na mtaa mzima ulichagua humohumo. Kufanana kulikuwepo. Na msichana wa leo amepata kitu ambacho mama zake hawakuwa nacho: anaweza kukuonyesha anachokitaka. Zamani mteja alikueleza kwa mikono hewani, "kama kile cha dada mmoja nilimwona kanisani, kina maua hivi," ukabaki kubahatisha. Picha ile unayoiona kama tusi ni maelezo ya bure. Muulize swali moja tu: "Hapa umependa nini hasa, rangi, ua, au mshono?" Katika miaka yangu ya kukaa na wenye maduka nimesikia jibu la swali hili mara nyingi, na ni nadra mno mteja kusema "vyote". Mara nyingi alipenda mshono, na kitambaa kilikuwa kimeufuata tu. Sasa hapo unacho cha kumwonyesha.

Nikukiri na kosa langu, maana linahusu hasa mahali unaposimama. Miaka kadhaa nyuma nilimshauri mwenye duka mmoja wa Sakina, Arusha, aagize majora ya kitenge kilichokuwa kinapata laiki nyingi kuliko vyote. Nilimwambia soko limeshasema. Mzigo ulichukua wiki sita. Ulipofika, kitenge kilekile kilikuwa Soko Kuu, kilikuwa soko la Kilombero, kilikuwa mabegani kwa wamachinga, na bei ya rejareja imeshuka chini ya ile aliyonunulia kwa jumla. Alikaa na majora yale karibu mwaka, mengine akayauza vipande kwa washona mikoba. Hasara ilikuwa yake na ushauri ulikuwa wangu. Bado sijalisahau.

Baadaye ndipo nilipolisoma jaribio lililochapishwa mwaka 2006 na Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts, kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Columbia. Waliweka mtandaoni nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, watu 14,341 wakasikiliza na kupakua walizozipenda. Baadhi hawakuonyeshwa wenzao wamepakua nini. Wengine waligawanywa katika makundi 8 yasiyoonana, kila kundi likiona hesabu yake lenyewe tu. Palipokuwa na hesabu, wimbo uliotangulia ulizidi kutangulia na ulioachwa ukazidi kuachwa. Tena mshindi wa kundi hili hakuwa lazima mshindi wa kundi lile. Nyimbo nzuri kabisa zilifanya vibaya kwa nadra, mbaya kabisa zilifanya vizuri kwa nadra, na hapo katikati lolote liliwezekana. Nyimbo zilikuwa zilezile! Kilichobadilika ni nani alitangulia kubonyeza.

Kwa hiyo laiki elfu mbili chini ya kitenge zinakueleza kidogo sana kuhusu kitenge. Zinakueleza kwamba watu waliona laiki elfu moja. Usinunue mzigo kwa kuhesabu laiki, mama. Ukifanya hivyo umejiweka kwenye mbio na Kariakoo, na Kariakoo ina mtaji, ina bandari karibu, na itakushinda bei kila mara.

Sasa faida, na hapa naomba ukae vizuri. Chukua kitenge ambacho mtu mmoja kati ya elfu angekipenda kwa dhati. Tuseme mbele ya duka lako wanapita watu elfu tatu kwa wiki. Hao ni wapenzi watatu, wawili kati yao hawana hela wiki hiyo. Huwezi kuweka jora kwa ajili ya mtu mmoja, basi unaweka kile ambacho kila mtu anakivumilia. Hivyo ndivyo rafu za duka zilivyotupangia ladha miaka yote, hata kabla ya simu. Mwaka 2004 Chris Anderson, aliyekuwa mhariri wa jarida la Wired la Marekani, aliliandikia hilo makala maarufu akaliita "mkia mrefu": mteja wa kitu adimu yupo, ila ametawanyika, na intaneti inamwezesha kukufikia bila kupita mbele ya mlango wako. Baadaye wengi walimpinga wakisema vinavyouzwa sana bado vinatawala, na kwa maduka makubwa naona wana hoja. Kwa duka la fremu moja hesabu ni nyingine. Huhitaji kuitawala nchi. Wapenzi mia mbili wa kweli waliotawanyika kutoka Mbeya hadi Mwanza wanaweza kulilisha duka lako.

Na Moshi ina mkia ambao miji mingi haina. Kila Desemba Wachagga wanarudi nyumbani, mabasi yanajaa, magari yanapandana njia nzima kutoka Dar es Salaam. Kati ya Krismasi na Mwaka Mpya kuna harusi, kuna ubatizo, kuna vikao vya ukoo, na familia nyingi zinataka vitenge vya kufanana kwenye picha. Wanafika tarehe 22, wanakimbilia mjini, mafundi wamejaa mpaka Januari, wanabeba kilichobaki. Hawa ni wateja wako ambao kwa miezi kumi na moja hawapiti mtaani kwako. Simu inakufikisha kwao Septemba.

Fanya hivi. Chagua vitenge kumi na mbili, visizidi, vile ambavyo jicho lako limevipenda na ambavyo una hakika utapata jora zima. Kata kwenye kila kimoja kipande cha ukubwa wa kiganja, vibane kwenye karatasi ngumu, vipe namba. Tengeneza karatasi kama hizo ishirini. Familia ikikuuliza, watumie moja kwa basi kama kifurushi kidogo, waishike. Mashangazi wabishane kwenye kundi lao la WhatsApp juu ya namba nne na namba tisa wakiwa wamevigusa. Hapo umeondoa udhaifu mkubwa wa kununua kwenye simu, kwamba mkono haujui kitu, na umewaachia raha ya kukataa kumi na moja wachague kimoja. Karatasi wakirudisha sawa, wasiporudisha umewatangazia duka kwa bei ya vipande.

Chukua nusu ya malipo kabla ya kukata. Tanzania tuna M-Pesa tangu mwaka 2008 na mitandao mingine ikafuata, kwa hiyo hili la kulipa kwa mbali watu wamelizoea siku nyingi. Wewe thibitisha kwa kuangalia salio lako mwenyewe. Usikate kitambaa kwa ujumbe ulioonyeshwa kwenye simu ya mteja, wala kwa picha ya muamala.

Kuhusu picha za kuweka kwenye stetasi na kwenye katalogi ya WhatsApp Business (programu hiyo ipo tangu 2018 na kuitumia kwa kazi yako ni bure): piga mlangoni asubuhi, taa ya dukani inageuza rangi. Weka mkono wako juu ya kitambaa ili mtu ajue ua lina ukubwa gani. Piga na video fupi ukikitikisa, kitenge kizito na chepesi huanguka tofauti. Sema upana, sema kama kinachuja. Wewe mwenyewe loweka kona moja kabla hujasema. Na andika bei. Nakuomba sana, andika bei. Hii tabia ya "bei njoo inbox" inamfukuza mteja mwenye haya, na wateja wenye haya ndio wengi. Bei ikibadilika, futa uandike upya.

Kisha nunua daftari. Kila picha aliyokuletea mteja nawe huna, andika: tarehe, alitaka nini, alipenda nini ndani yake, ni ya shughuli gani. Baada ya miezi miwili utajua Moshi inatafuta nini, kitu ambacho hata wenye mitandao mikubwa hawakijui kwa udongo wa mji wako. Majina na namba za simu za wateja ziwe zako peke yako, na usimrushe mtu mtandaoni akiwa amevaa kitambaa chako bila kumwomba ruhusa. Ni adabu, na siku hizi ni sheria pia: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023.

Nikurudie la kufunga. Mwanao ana akili, ameona mambo yanakokwenda, na nakushauri umpe kazi ya kuipanga katalogi kwa sababu ataiweza kuliko sisi. Fremu usifunge. Jumia, kampuni kubwa ya mauzo ya mtandaoni barani Afrika, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, ilhali wauzaji wadogo wa stetasi wako palepale. Nionavyo mimi, biashara ya mtandaoni kwetu inasimama juu ya kujuana: mtu anatuma hela kwa duka analojua liko mtaa gani, au ambalo dada yake analijua. Mlango wako ndio dhamana yako. Kitu ninachoweza kukushauri, kama pango linakunyonga, ni kutafuta fremu ndogo zaidi, hata ya mtaa wa nyuma. Anayekutafuta kwa jina haihitaji kona.

Na usiende peke yako. Marekani, Januari 2020, ulianzishwa mtandao uitwao Bookshop.org kwa ajili ya maduka huru ya vitabu. Mteja ananunua kupitia ukurasa wa duka lake la mtaani, na duka hilo linapata asilimia 30 ya bei ya kitabu bila kufungasha wala kutuma. Duka moja moja lisingeweza kujenga kitu kama hicho. Ninyi hamhitaji mtandao mpya. Wewe, fundi unayemwamini na yule mama wa shanga mkikubaliana katalogi moja ya sare za familia, kitambaa kwako, mshono kwake, mkufu kwa mwenzenu, mteja wa Dodoma anaagiza mara moja na anapata kila kitu kwenye basi moja. Andikianeni mgawo mapema, kabla hela haijaingia.

Sasa yule binti wa majora manne. Hujui kama alikwenda kuagiza kwingine. Huenda alikuwa anamtumia mama yake picha, au anasubiri mshahara. Akirudi, kitoe kitambaa nje kwenye mwanga umshikie apige vizuri, muulize ni cha shughuli gani na ni lini, kisha umwandikie nyuma ya kadi ya duka: jina la kitenge, bei ya leo, na yadi zilizobaki kwenye jora.